Skana ya Duka la Baba

Shoga, uko? Usinipigie, sikiliza tu hii sauti ninayokurekodia.

Unajua tangu tumzike baba nahangaika na ile skana ya dukani, ya kusomea namba za bidhaa. Kompyuta yake inatumia Linux, si Windows, shemeji ndiye aliyemwekea. Leo nikachomeka USB, taa nyekundu ikawaka, nikapiga sabuni. Ikalia pii. Kwenye ukurasa wa bidhaa, patupu! Nikapiga betri, mishumaa, nusu ya rafu, huku naitukana.

Mama akapiga simu. Taratibuuu: "Baba yako ananiandikia."

Nikamwambia mama, hebu pumzika.

"Simu yake ninayo mkononi, bado naichaji. Na ananiandikia. Namba tupu."

ANANIANDIKIA!

Nikatazama kioo cha kompyuta. Kumbe skana kwenye Linux inajifanya kibodi tu: inaandika popote ulipobofya mwisho, na Enter inabonyeza yenyewe. Na mimi, kwa haraka zangu, nilikuwa nimebofya ukurasa wa pembeni. WhatsApp ya baba, iliyounganishwa na simu yake. Haijafungwa tangu alipotoka dukani. Chati ya mama.

Namba za sabuni, shoga! Nimemtumia mama namba za sabuni kwa jina la marehemu!

Nikafungua mdomo nimweleze, akakata. Dakika hiyohiyo jibu lake likatokea kwenye kioo, chini ya namba zangu:

"Nimezipata, baba watoto. Sizielewi. Niandikie neno moja tu."

Kile kistari cha kuandikia kinawaka na kuzima hapo chini. Nimekalia mikono yangu, shoga, isije ikamjibu.