Ncha ya Vidole Viwili

Gitothua, Ruiru, Ijumaa. Baridi ya Julai bado imetukalia. Jua limechungulia saa sita likarudi ndani. Naandika haya mapema, kabla sijaanza kuyapamba.

Nilikosea.

Jirani yangu Wambui hupaka rangi kuta za nje za maghorofa. Sasa yuko Mwihoko, kwenye jengo la orofa tano. Ananing'inia kwa kamba, na juu ya paa kamba hiyo imeshikwa na matanzi mawili ya ukanda bapa wa nailoni, mpana kama mshipi wa kiti cha gari, yaliyozungushwa kwenye nguzo. Nilimfungia mimi wiki tatu zilizopita. Ncha moja unaipiga fundo la kawaida, kisha ncha ya pili inafuata njia ileile kutoka upande wa pili, bapa juu ya bapa, bila kujisokota. Ndilo fundo tulilotumia nilipokuwa kijana nikiongoza wageni kwenye majabali ya Elgon, kabla hatujafukuzwa kwetu.

"Liache hivyo," nilimwambia. "Hili halifunguki hata shetani akija."

Jana alasiri manyunyu yaliwakatiza kazi, akalivua tanzi moja kwenye nguzo likiwa limefungwa vilevile, akaniletea nilisafishe rangi. Ncha niliyoiacha na urefu wa kiganja ilikuwa imebaki vidole viwili. Hakuna aliyeigusa.

Sikutaka kuamini. Nikalifunga upya, nikalitundika kwenye boriti ya banda la kuku, nikaning'iniza mtungi wa lita ishirini uliojaa maji. Nikawa nauinua na kuuachia, nauinua na kuuachia, mpaka nikachoka. Kisha nikapima kwa rula. Ncha ilikuwa imeingia ndani kwa upana wa njiti ya kiberiti. Kwa macho fundo lilikuwa zuri kabisa, limekaza.

Lilikuwa linatembea.

Na Wambui hujisukuma ukutani siku nzima, uzito ukija na kuondoka.

Usiku nimefikiri kwa nini sikuwahi kuliona hili mlimani. Kule tulifungua mafundo yote kila jioni, kwa sababu kanda zilipaswa kukaushwa na kukunjwa. Asubuhi tulifunga upya. Miaka yote ile sikuona fundo lililofanya kazi siku mbili. Tulidhani usalama uko kwenye fundo, kumbe ulikuwa kwenye kulifungua. Nilihama na fundo, desturi ya jioni nikaiacha huko. Na hapa Ruiru, ambako sina hata kipande cha shamba, kuitwa fundi wa kamba kulinipendeza kiasi cha kuacha kujiuliza maswali.

Leo asubuhi nilifika Mwihoko kabla hawajaanza. Ncha ya tanzi la pili, lililobaki kwenye nguzo, haikuzidi ukucha wa kidole gumba. Nikamwita Wambui na msimamizi wao, Barasa, nikawaonyesha. Barasa akaigusa kwa kidole.

"Guka, si ulisema hii haifunguki hata shetani akija?" Wambui, ambaye huniita babu kwa Kikuyu, aliuliza.

"Nilisema. Nilikosea."

Barasa akatazama saa. "Mzee, rangi itanikaukia kwa ndoo. Funga tu haraka apande."

"Panda wewe kwanza, Barasa. Na hiyo tumbo, tutajua mara moja kama iko sawa."

Barasa alicheka peke yake. Kidole chake kilikuwa bado kwenye ile ncha fupi.

Hakupanda mtu. Kufikia saa nne Barasa alikuwa amekubali kuagiza matanzi yaliyoshonwa kiwandani, yasiyo na fundo. Mpaka yafike, Wambui atafunga mwenyewe kila asubuhi, aache ncha ndefu kuliko kiganja, akaze kwa uzito wa mwili wake akiwa bado juu ya paa, akague kila anapopumzika, na jioni afungue.

Hilo limekaa sawa. Linaloninyima raha ni jingine.

Mwaka jana, Githurai 45, nilimfungia fundi mmoja wa matangi ya maji tanzi kama hilo, la ukanda wa samawati, nikamwambia maneno yaleyale. Jina lake sikuuliza, simu yake sina. Najua tu kwamba alikuwa akifanya kazi kwenye majengo ya nyuma ya soko.

Kesho naenda huko. Nitapita jengo kwa jengo nikitazama mapaa, na penye tangi na ukanda wa samawati nitapanda ngazi hadi juu.

Nikimkosa, Jumapili kanisani wasinitafute; nitakuwa bado Githurai.