Nywele za Bi Zuwena

Mjukuu wangu Neema,

Huku Ole tu wazima. Babu yako anapalilia muhogo. Umeniuliza kama kufagia kanisa nako ni kumtumikia Mungu.

Nilipoolewa huku Pemba nilitamani kuhubiri. Kazi niliyoipata ilikuwa kumchana nywele jirani yetu Bi Zuwena, mzee wa Kiislamu aliyepooza mikono. Niliiona kazi ndogo. Kisha nikaugua homa, nikakosa kwenda siku kadhaa. Niliporudi nilimkuta analia.

“Mwanangu,” akasema, “nilidhani Mungu kanisahau.”

Nilichukua kitana, nikakaa nyuma yake, nikamchana taratibu mpaka akasinzia.

Nilimchana hivyo hadi alipofariki. Msibani binti zake, walioolewa mbali, walinikalisha katikati yao.

Bibi yako,
Marta