Sungura Fundi Bomba

Jumamosi, 28 Februari

Tangazo kwa taifa zima. Kuanzia leo, sungura fundi bomba wa katuni ataonekana saa kumi na nusu alasiri badala ya saa kumi kamili. Stesheni ya Amerika imeamua. Taifa, yaani mimi na kiti changu hapa ugenini Jette, limepokea habari kwa utulivu.

Kwetu sungura ni mjanja wa kudanganya fisi. Kule ana kibali cha kazi na sanduku la vifaa.

Namwangalia kwa sababu ya Bernadette, mjukuu wangu wa Ohio, anayemwangalia pia. Ana jina la marehemu mke wangu, kwa hiyo namwita mke wangu, kama babu yeyote wa Lubumbashi angefanya. Yeye anajua Kiingereza tu. Mimi Kiingereza changu chote nimefundishwa na sungura. Kipindi kikiisha napiga simu, tunaongea bomba gani limepasuka. Hatuna kingine cha kuongea.

Jumamosi, 7 Machi

Sungura katengeneza choo cha meya. Maji yalifika dirishani.

Nimemsimulia Bernadette. Akajibu yes. Nikauliza kama aliogopa. Yes. Nikamtaja meya kuwa kondoo, kwa makusudi, na meya ni mbuzi. Yes. Zamani angenisahihisha mpaka nitubu. Tumeagana kahawa ingali moto.

Jumamosi, 14 Machi

Maafa. Saa kumi na nusu nafungua, sungura hayupo. Mwanamume anauza visu. Napiga simu, mwanangu Didier ananiambia mtoto ameshaenda kuogelea.

Baadaye nikaelewa. Wamarekani wamesogeza saa zao mbele kwa saa moja, kama kila Machi, sisi huku bado. Hakuna aliyeuliza maoni ya Jette. Nimewatukana kwa Kifaransa.

Jumapili, 15 Machi

Soko la kituo cha treni, Gare du Midi. Nimemweleza Shabani, Mrundi aliyeniuzia kile kisanduku cha kunasa stesheni za Amerika. Akamwita na jirani yake wa meza ya pili aje asikie.

"Mzee, na mvi zote hizo bado unamkimbiza sungura?"

Nikasema si mimi, ni mke wangu wa Ohio. Wakazidi kucheka. Nikacheka nao. Nilikuwa na aibu, na chini ya aibu hofu.

Jumamosi, 21 Machi

Saa tisa na nusu, safari hii kwa hesabu yao. Visu tena.

Nimetafuta ratiba kwenye mtandao. Vipindi vyote vya watoto vimeondolewa Jumamosi asubuhi. Havirudi. Mauzo mpaka adhuhuri, halafu wazee wanabishana kuhusu mpira.

Sikupiga simu. Ningesema nini? Huyu mtoto nampoteza. Siku moja nitakuwa picha ukutani kwake, na jina la mke wangu litakuwa herufi tu kwenye pasipoti. Nimekaa na koti mwilini. Sikuwa natoka. Sijui kwa nini nililivaa.

Jumatano, 25 Machi

Kisanduku bado kinawaka. Nimeangalia visu. Vizuri, vinakata hata kiatu.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua ndogo tangu asubuhi. Didier kapiga mwenyewe, anauliza kama naumwa, maana niko kimya. Nikamwambia ukweli. Sungura wamemfukuza kazi, donc mimi na Bernadette hatuna tena mambo. Nikamwomba amuulize mtoto anaangalia stesheni gani siku hizi, nami nihamie huko.



"Papa," akasema, "ni yeye alitukatazaka tusikuambie. Alisema utasikia vibaya."

Nikamshukuru. Nikamwambia ambusu mke wangu.

Nimefunga dirisha, nimeosha kikombe.

Televisheni yao waliiuza walipohama nyumba, kabla ya Noeli.