Ugonjwa Tulioupa Jina la Mgongo

Kindu, Kasuku
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe uliye huko kwetu Kama, na wewe Zawadi, mdogo wangu, unayemsomea. Mmeamkaje? Magoti ya mama yanasemaje siku hizi za mvua? Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa, na ndiyo sababu naandika. Kwenye simu mnapanda mlimani kutafuta mtandao na kila anayepita anasikia, basi nimekuwa nikisema "ni mgongo tu, mama," halafu nakata kabla hujauliza la pili.

Zawadi, kabla hujaendelea, angalia nani yuko ndani. Kama mama mkubwa amekuja kuomba chumvi, mpe chumvi aende kwanza. Yanayofuata ni ya mama.

Mama, sikukudanganya kabisa. Mgongo uliniuma kweli. Lakini si maumivu yaliyoniangusha. Ilianza darasani. Nilishika chaki niandike tarehe ubaoni, mkono ukakataa kupanda. Tarehe niliijua, sikuona tu sababu ya kuiandika. Mtoto mmoja wa nyuma akasema, "Madamu analala wima kama kuku!" Wote wakacheka. Nilitaka kucheka nao, nikashindwa. Tangu siku ile nilikuwa nikirudi nyumbani nalala nikitazama ukuta mpaka wali unaungua jikoni. Mafuta uliyonitumia nilijipaka yote, kila jioni, huku nikijua hayafiki kule kunakouma.

Jirani yangu Mama Furaha, muuza sombe ya majani ya muhogo, ndiye aliyenivuta kwa bwana mmoja aliyejifunza ng'ambo kazi ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Kwa Kifaransa kazi hiyo ina jina refu. Hapa Kasuku watu wanamwita Muvunja-Mifupa, na wanadai kwamba akikupanga mifupa, hata mawazo mazito yanatoka. Mimi mwalimu niliamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Na kwa kuwa haifai mwanamume mgeni amshike mwanamke mgongo bila mtu kuwapo, Mama Furaha aliketi pembeni na beseni lake la sombe. Shingo yangu ilipolia ko! akaruka.

"We! Unaua mutoto wa watu!"

"Mama, hajafa. Anapumua."

"Na ule mulio?"

"Ule njo upepo tu, ndani ya viungo."

"Upepo? Basi mimi niko nao mingi, lakini hautokaka kwa shingo!"

Nikacheka, mama. Nilicheka nikiwa nimelala kifudifudi, mpaka machozi yakalowesha kitambaa, na baadaye sikujua tena kama bado ni kicheko.

Nilikwenda mara nne. Nilianza kugeuza shingo, nikapata usingizi. Tena nitasema jambo ninaloona haya kulisema: siku za kwenda kule niliamka mapema, kwa sababu palikuwa na mtu anayenisubiri, na mikono yake ilijua mahali ninapoumia. Tangu nitoke kwako, hakuna aliyenigusa ila kwa kunipa mkono wa salamu.

Mara ya nne alinawa mikono, akakaa. "Mwalimu, mugongo wako sasa uko muzuri. Lakini macho yako iko yaleyale."

Nikamwomba aniongezee siku.

"Wengine watakudanganya, mimi hapana. Mikono yangu inafika kwa mufupa, inaishia pale. Hii yako inaomba muntu wa kukusikiliza."

Akanielekeza kwa muganga mmoja wa kike kwenye kituo cha afya, anayekaa na watu wenye huzuni kila Alhamisi. Huyo hakunishika popote. Mara ya pili aliniuliza tu kama kwetu kuna mtu mwingine aliyewahi kulala siku nyingi akitazama ukuta. Nikajibu upesi, "Mama. Lakini yeye ni mugongo." Ndipo nikasikia mwenyewe nilichosema.

Nilikuwa na miaka sita tulipokimbilia msituni. Nakumbuka ulivyojifungua juu ya majani, na bibi yetu koko akikataza moto, maana askari wangeona moshi. Kwa hiyo hukukandwa kwa maji ya moto kama mzazi anavyokandwa. Mtoto aliishi siku mbili. Vita vilipotulia tukarudi nyumbani Kama, ukalala, na kila aliyeuliza aliambiwa: mgongo, hakukandwa. Sisi watoto tulijifunza kunyata siku za mgongo. Mtoto hakutajwa. Hata leo sijui kama alipewa jina.

Mama, huenda mgongo wako unauma kweli kama wangu ulivyouma. Lakini nafikiri sote tulikosea pamoja. Tulihesabu maji ya moto uliyoyakosa, tukasahau kwamba hata matanga hukuyapata. Kama nimesema vibaya, nisamehe. Mtoto hapelekwi shule ili arudi kumpima mama yake. Ila Zawadi ameniambia umekaa ndani tangu mvua zianze, huendi shambani, huongei. Naogopa. Najua sasa ni wapi mtu anakuwa anapokaa kimya hivyo, na sitaki uwe huko peke yako.

Barabara ikikauka, shemeji akulete kwa pikipiki, polepole. Ukitaka nikupeleke kwanza kwa Muvunja-Mifupa, nitakupeleka, na Mama Furaha ataketi nasi. Halafu twende Alhamisi. Hutalazimishwa kusema. Mimi mara ya kwanza nilikaa saa nzima nikikunja leso yangu, na hakuna aliyekasirika.

Zawadi, leo jioni mkande mama mgongo, taratibu, usimwulize kitu.

Mnisalimie baba mdogo, mwambie apumzike na mashimo yale ya dhahabu walau Jumapili. Salamu kwa shemeji mwenye pikipiki, kwa mama mkubwa pamoja na chumvi yake, na kwa watoto wote wa kaka, kila mmoja kwa jina lake.

Muganga nimemwambia kwamba siku moja nitakuja na mtu. Hakuuliza ni nani. Alinyanyuka tu, akaleta kiti cha pili.

Ni mimi mwanao ninayekungoja,
Feza