Bibi Yuko Hai, Hata Ukisoma Vingine

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa Bibi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada Mkunga,

Kabla ya salamu naomba nikutulize: Bibi yuko hai. Ameshiba, amejinyoosha sebuleni na anamsema mtangazaji wa redio. Ukifungua ile tovuti ya ukoo ukakuta imeandikwa kwamba amefariki, usilie na usikate tiketi. Aliyemuua ni mimi. Nilimuua kwa kidole kimoja, nikijua ninachofanya, na sijamwambia mtu yeyote ila wewe.

Sasa ndiyo nikuamkie. Shikamoo, Dada. Hujambo wewe na shemeji? Na miguu yako je, bado inavimba ukitoka zamu? Sisi hatujambo. Mama kikohozi kimemwachia. Baba anaendelea na kazi yake ya umeme, na kulalamika kwamba watu humkumbuka taa zikishazimika. Mimi nangoja matokeo ya mtihani, na nyumba mchana ni kubwa sana kwa mtu asiye na shule ya kwenda.

Ndiyo maana nakushukuru kwa kunielekeza kwenye ile tovuti. Uliniambia ni ya bure, nami nilikaa nikiivizia nione itanidai nini, haikudai. Niliingia kwa barua pepe tu. Iliniambia nianze na mtu ninayemjua kuliko wote, yaani mimi mwenyewe, kisha nipande kwa wazazi, halafu kwa wazazi wao. Kujiandika mimi kulikwisha kabla maji ya chai hayajachemka, maana sina mengi.

Kosa la kwanza linakuhusu. Kwa kuwa mama yako ni Mama Mkubwa wangu, nilimweka kwenye nafasi ya mama, pamoja na Mama, nawe ukatokea kuwa dada yangu wa tumbo moja. Tovuti ikaniuliza kama nina hakika. Nilikuacha hivyo siku nzima, na nilipokuja kusahihisha nilisahihisha shingo upande.

Kompyuta si kazi, Dada. Kazi ni watu. Tovuti inashauri uwaulize wazee wakiwa bado wapo, nawe unanijua, mimi hata nikiulizwa saa natoka jasho. Basi nikawa nakaa karibu na Bibi nikimtungia uzi kwenye sindano, kwa sababu macho yake hayaoni tena tundu, na kwa kila uzi nauliza swali moja. Swali likiwa gumu anasema niangalie, uzi umekatika. Hivyo ndivyo nilivyopata majina ya wazazi wake, na habari ya babu yake, mhunzi aliyeoa akiwa tayari na mvi. Mwaka wa kuzaliwa alinipa miwili, wa kitambulisho na wa kweli. Tovuti inapokea mmoja tu. Akafikiri kidogo, akachagua unaompunguzia umri.

Siku hiyo nikampiga picha. Alikuwa ameshika pini kwa midomo, akacheka bila kuifungua, macho yakapotea kabisa usoni. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Nikaiweka kwenye kisanduku chenye jina lake huko tovutini, nikatuma mwaliko kwa kila anwani uliyonipa, hata ya Mjomba, nikakaa kungoja sifa.

Hakuna aliyeiona. Tovuti huwaficha watu walio hai, kwa usalama wao. Aliyewaandika anawaona, wengine wote huona kisanduku cha kijivu kisicho na sura. Waliofariki ndio wanaoonekana na kila mtu. Chini ya jina la Bibi palikuwa na mahali pa kuchagua: yu hai, au amefariki. Niliitazama picha yangu kwa muda mrefu. Kisha nikabonyeza amefariki. Ikauliza lini, nikaacha wazi. Nilijiambia hiki ni kisanduku tu, Bibi mwenyewe yuko pale anakunywa chai.

Habari ya Mjomba unaijua. Nilikuwa darasa la tatu alipotoka hapa na begi, baada ya kukataa kurithi duka la ushonaji la Babu, na Bibi akamwambia akitoka asimtafute. Hakumtafuta, na Bibi hakuuliza. Mtu akimtaja Mjomba mezani, Bibi huomba apitishiwe chumvi.

Alhamisi Mjomba alikuwa kazini, juu kabisa ya jengo refu, kwenye chumba cha mashine za lifti, tovuti ilipomtumia taarifa kwamba kuna badiliko kwa mtu wa ukoo wake. Alishuka kwa ngazi, fundi lifti mzima, akapiga simu ya Mama. Mama alikuwa dukani na simu inachajiwa karibu na Bibi. Bibi akapokea, na kama kawaida yake akaweka spika.

"Dada," sauti ikasema, inalia. "Mmemzika lini?"

"Kumzika nani?"

"Mama. Hata kuniambia mmeshindwa? Ndiyo mmeshanifuta kabisa?"

Bibi alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Hebu niambie," akasema, "huyo mama yako amekufa kwa ugonjwa gani? Maana anaongea na wewe."

Mjomba akaacha kulia ghafla.

"Mama?"

"Ulitaka nani?"

"Mama, uko hai?"

"Miaka yote hii niko hai. Hukuuliza."

"Ulisema nisikutafute."

"Nilisema. Tangu nikuzae hujawahi kunisikiliza, ukaja kunisikiliza siku hiyo moja?"

Mjomba akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Bibi yeye alifuta macho kwa kile kitambaa chenye pini, ikabidi nimnyang'anye. Mama aliporudi alimkuta ameshikilia simu yenye moto kama pasi, wanazungumza habari za meno ya mtoto. Mjomba ana binti, Dada. Ana meno mawili.

Wanakuja Jumamosi, yeye na mke wake na hayo meno mawili. Mama amefua mapazia yote. Baba amebadilisha taa ya ukumbini aliyotuahidi tangu nikiwa shule ya msingi.

Wote wanasema tovuti imekosea. "Cha bure hicho, mlitegemea nini?" anasema Baba, na ameniagiza niirekebishe. Lakini Mjomba alimwambia Mama kwamba anashukuru ni kosa la mashine, kwa sababu angejua kuna mtu aliyemtegea ili arudi, asingetia mguu hapa. Nilikuwa mlangoni na trei ya chai. Niligeuka nayo nikarudi jikoni. Sikumtegea, nilitaka picha ionekane tu. Ila nikieleza vibaya, na unajua ninavyoeleza, atageuza safari, na Bibi atakuwa amempoteza mara ya pili kwa mkono wangu.

Jana Bibi aliniita kwa jina.

"Kimya," akasema, "hebu nionyeshe kaburi langu."

Nikafungua kompyuta. Akavaa miwani, akaitazama ile picha kwa utulivu.

"Hapo nimetoka vizuri. Ukinirudisha kwa walio hai, itakuwaje?"

"Itajificha, Bibi. Watu hawataiona tena."

"Na mdogo wangu, yule asiyepiga simu, naye yumo humu?"

"Yumo. Nilimtumia mwaliko."

Akavua miwani, akaikunja.

"Basi usinifufue kwanza."

Hakuniuliza lingine, akarudi kwenye vifungo vyake. Sijui anajua kiasi gani. Najua tu kwamba siku hizi hakai mbali na simu.

Nisalimie sana shemeji, na mdogo wako fundi viatu. Mwambie nimeshamwandika, anitumie picha ya babu yake wa upande wa baba, huko ukoo bado ni visanduku vitupu. Mungu akulinde katika zamu zako, na kila mtoto utakayempokea alie kwa sauti.

Mjomba akishafika, akaketi, akamshika mama yake mkono, nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nimekuwa nikijizoeza mbele ya kabati, na kabati limenielewa. Mpaka siku hiyo, Dada yangu, nakuomba neno hili liishie kwako. Asilisikie shemeji, asilisikie fundi viatu, na Mama Mkubwa asilisikie. Hasa Mama Mkubwa, maana siri ukimpa asubuhi, jioni unauziwa na muuza magazeti.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,

Kimya