Parmuat, Zizi la Ndama Limenyamaza

Mwaka umetimia, Parmuat, tangu maji ya korongo yalipokuchukua wewe na pikipiki, ukirudi nyumbani Soitsambu. Ilikuwa Ijumaa. Ulikuwa umetoka Karatu kufuata lenzi za kukuzia, ili kesho yake watoto watazame wadudu. Mkoba wako ulikutwa umenasa kwenye miiba. Lenzi ulizifunga vizuri kwenye nailoni. Halikuingia hata tone.

Wiki nzima ulikuwa mwalimu wa shule, na Jumamosi mwalimu wa zizi. Ndama wakishatoka ulifagia, ukatandika ngozi, watoto wakaja. Baba alinung'unika, "Ndama wangu wamekuwa wageni kwao!" Ukamjibu, "Hawa nao ni ndama, Baba, ila wanauliza."

Hukuwaletea majibu. Ulichukua salamu yetu ya siku zote, mtoto kuinamisha kichwa mbele ya mkubwa ashikwe utosini, ukaongeza sharti lako: mkubwa akishakushika, una ruhusa ya swali moja, naye hawezi kukufukuza. Kijiji kizima kilipata taabu! Namunyak, binti wa jirani, alimwinamia Baba. "Babu, pundamilia hawana boma. Usiku nani anawachunga?"

"Miguu yao," Baba akasema. Yeyo, mama yetu, akasema ni masikio. Watoto wakabishana mpaka wakakugeukia, nawe ukasema tu, "Twendeni tukawatazame."

"Mwanaume huyu," mkeo Lilian alikuwa akicheka, "hata ukimuuliza kama chai ina sukari, atakuambia onja."

Mdogo wako Doreen alirudi kutoka chuo na shahada yake ya ualimu, akiamini ataendeleza Jumamosi zako. Alitandika ngozi zilezile. Aliuliza kama ulivyouliza, akangoja. Watoto walimtazama kwa heshima, wakasema kwa pamoja, "Tuambie jibu, mwalimu, tukariri." Alijaribu tena na tena. Wengine wakaacha kuja, wakarudi machungani. Masika yalipoanza, Baba akawaacha ndama zizini hata Jumamosi, na Doreen hakuwa na la kumzuia. Lenzi bado zimo kwenye nailoni. Hakuna anayethubutu kuifungua.

Wiki iliyopita Namunyak alikuja nyumbani peke yake. Akainamisha kichwa mbele ya Baba, Baba akamshika. Doreen akasogea karibu. Tangu uondoke, hakuna mtoto aliyewahi kuuliza.

"Babu," Namunyak akasema, "Mwalimu alijua korongo likijaa mtu hungoja. Kwa nini hakungoja?"

Sote tumelibeba swali hilo mwaka mzima, hakuna aliyelitamka. Lilian akageukia ukuta. Kwa sharti lako Baba hawezi kumfukuza, na jibu hana. Mkono wake ukabaki utosini kwa mtoto, naye Namunyak akangoja, kama ulivyomfundisha kungoja.

Unakumbukwa na baba yako Mzee Meitamei, yeyo wako Nosim, mkeo Lilian, kaka yako Jackson aliyeko Karatu, mdogo wako Doreen, ndugu wote wa Soitsambu na Ololosokwan, na watoto wa zizi.

Hatukusahau, Parmuat, wala hatujui tungeanzia wapi kukusahau.