Chumba Kisichopigwa Dawa

Jumatatu, 4 Juni 1973
Watu wa mbu wamefika! Wamepiga DDT ukumbini na chumbani kwa mama mkwe. Kuta nyeupe kama zimepakwa unga. Dawa ikawaishia kabla ya chumba chetu — watarudi. Kifua kimenibana palepale, midomo ganzi. Ndivyo ninavyokuwa hata kwa mafuta ya taa, hata kwa rangi ya madirisha. Mama mkwe anasema nina jini lisilopenda usafi. Mume wangu Mbaraka ndiye katibu wa tawi la chama. Atailaumuje kazi ya serikali?

Jumatano, 6 Juni
Hospitali, Kilindoni. Kuna daktari Mchina, mgeni wa wiki moja. Kaniamkia shikamoo — mtu mzima na mvi zake! Nikaona haya kuitikia. Kanishika mkono, akatulia kama anayesikiliza redio. Kisha eti nitoe ulimi. Ulimi! Mbele ya Matano, mkalimani wake, binamu yake Mbaraka. Nikautoa. Sindano nyembamba mkononi na mguuni, wala hazikuuma. Nikapumua, alhamdulillahi. Kanipa pakiti tatu za mizizi: nichemshe, ninywe. Na nisilale penye harufu ile. Chumba chetu wakikipiga, nitalala wapi? Nirudi kwetu Ndagoni kama niliyeachwa?

Ijumaa, 8 Juni
Nimetoka kisimani, nakuta chumba chetu moshi mtupu. Mama katia pakiti mbili za Mchina kwenye chetezo, pamoja na ubani! Eti mizizi ni ya kufukiza, jini litoke kwanza, kunywa baadaye. Kanikalisha juu yake, kanifunika shuka. Sikuthubutu kukataa — mkwe ni mkwe. Nikakohoa hadi nikazirai. Kuzinduka niko uani, yeye ananipepea kwa ungo, analia, anasema ameniua mimi mwanawe. Hasira zikaniisha. Alidhani ananitibu.

Jumatatu, 11 Juni
Pakiti iliyobaki kaichemsha mama mwenyewe. Chungu kama shubiri! Kaonja yeye kwanza, katema, kisha kaniambia nisilete madeko. Kifua kimelegea. Nimelala chumbani kwetu, usingizi mtamu.

Alhamisi, 14 Juni
Watu wa mbu wamerudi, pamoja na balozi wa nyumba kumi. Naandika uani, mlango uko wazi, nawaona. Mama kakaa kwenye kizingiti cha chumba chetu, miguu kainyoosha, hapiti mtu. Balozi anambembeleza: bibi, hii ni amri, malaria haichagui nyumba. Mama kajibu wampulizie yeye kwanza. Mwenye pampu kacheka peke yake.

Sasa balozi kamgeukia Mbaraka. Mwenye nyumba ni wewe, sema. Mbaraka kanitazama, kisha kainamisha kichwa. Ya Rabi! Jibu lake naliogopa kuliko dawa yenyewe.

Kajikohoza. Anaanza: ndugu balozi, mimi kama katibu wa tawi —

Mama hajavuta miguu.